Rangi ya Kucha Chini ya Sufuria

Ilikuwa saa nane usiku, ghorofa ya sita, Ngara,
mvua ya Novemba ikipiga mabati ya gereji ya jirani,
na hesabu ya chama cha akina mama wa Kariobangi
imekataa kugawanyika.
Wanachama thelathini na watatu, faida ya siku moja,
na kila jioni shilingi inabaki, haina mwenyewe.

Nikatafuta. Nikapata
mistari arobaini na mmoja, safi kama sahani ya mgeni,
na juu yake maneno haya:
"Nimeandika mimi, Mumbua, Zimmerman, stima ikipotea na kurudi.
Tumia upendavyo, hata kwa biashara.
Ninaloomba ni jina langu libaki hapa juu."

Nikanakili yote.
Jina nikalifuta.

Sikulifuta kwa chuki, naomba nieleweke.
Asubuhi Bwana Gitonga angepita nyuma ya kiti changu
na kikombe chake, akichungulia mabegani kama kawaida,
nami nilitaka akute ukurasa usio na mgeni.
Kitufe kimoja tu. Hakina hata sauti.
Akasema, "Hii umeitoa wapi? Kazi safi."
Nikasema, "Usiku."
Kana kwamba usiku una mikono.

Miezi saba, shilingi ilikuwa na mwenyewe.
Kisha mwanachama mmoja akafariki,
na mashine ikaendelea kumlipa.
Senti hamsini, senti hamsini, kila jioni,
kwa mtu aliyezikwa Webuye.
Mama Nafula, mweka hazina, akapiga simu:
"Kijana, marehemu hana laini tena.
Hizo pesa anapokelea wapi?"

Lemayian akapewa kazi ya kutafuta kosa,
mwanagenzi, wiki yake ya pili.
Alikaa nalo siku tatu. Aliniuliza mara nne:
"Nani aliandika hapa?
Nikimjua nitajua alikusudia nini."
Nami nikakodolea skrini yangu,
nikihariri neno lisilo na kasoro.

Kwetu Umoja, ploti ikipata arusi au matanga,
sufuria hutoka milango yote.
Kila moja ina alama chini, tone la rangi ya kucha:
jekundu la Mama Kerubo, la zambarau la mlango wa tisa.
Sijasikia mtu akiita alama ile maringo.
Ndiyo njia ya sufuria kurudi nyumbani,
na ikitoboka, ujue wa kumuuliza fundi.
Na mama alinifunza, akinifinya sikio:
chombo cha watu hakirudi kitupu.
Hata kama ni vitunguu viwili.

Siku ya nne nilirudi kule nilikochukua.
Mumbua alikuwa ameshalitibu kosa, tangu Machi.
"Wote mnaotumia, samahani," ameandika.
"Mstari wa kumi na tisa haukujua kwamba watu hufa.
Sasa unajua."
Waliobakiza jina lake alikuwa amewaandikia
mmoja mmoja, Kisumu, Arusha, Lubumbashi.
Mimi hakuniita. Angeniitaje?

Nikamwita Lemayian, nikamwonyesha.
Hakusema neno. Alivuta kiti, akasoma,
akaniangalia kama mtu aliyelipishwa nauli mara mbili.

Jina nikalirudisha herufi kwa herufi,
kwa vidole vyangu. Hilo sikulinakili.
Kisha nikamwandikia mwenyewe: nilichofanya, miezi mingapi,
na, badala ya vitunguu, jaribio dogo nililotunga
la wanachama wanaojitoa katikati ya mwezi,
kitu ambacho mistari yake ilikuwa haijakiwaza.

Jibu lilinikuta kwenye foleni ya chapati, Park Road,
sarafu zikiwa zimeshapata joto mkononi.
"Jaribio zuri," ameandika.
"Lakini hujaweka jina lako juu.
Nimshukuru nani?"